Ukienda ZIFF, chukua kanga

Ngazi za mawe za Ngome Kongwe ya Zanzibar, ambako filamu za usiku za tamasha la ZIFF huonyeshwa, hazina mto wala pa kuegemea, na filamu mbili mfululizo, ukijumlisha hotuba na kungoja, ni kama saa nne za kukaa. Kanga moja inamaliza shida tatu. Ikikunjwa mara nne ni mto wakati wa filamu ya kwanza. Ikifika saa nne usiku, jiwe likishapoa na kaupepo kameanza kupenya, inahamia mabegani. Kesho yake mchana inakufunika vizuri unapokatisha vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako mabega na magoti wazi bado yanakera watu hata kama hakuna atakayekwambia kitu. Wanaume nao wabebe, hakuna atakayewacheka. Shuka jepesi au kikoi pia kinafaa.

Hili ndilo tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF. Shirika lake lilianzishwa mwaka 1997 na tamasha la kwanza likafanyika mwaka 1998. Wenyewe wameliita Tamasha la Nchi za Jahazi, na jina hilo linasaidia kuelewa kwa nini usiku mmoja unaweza kuona filamu ya Bongo, kisha ya India, kisha ya Iran au ya Ghuba: ni pwani zile zile ambako majahazi yalitoka kuja huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Siku hizi filamu zinatoka mbali zaidi ya hapo, ila tuzo kubwa bado inaitwa Jahazi la Dhahabu. Wanaolichanganya na Sauti za Busara wajue kuwa lile ni la muziki, hufanyika Februari, na linafanana na hili kwa sababu tu linatumia Ngome ile ile.

Kuhusu tarehe, usibahatishe kwa kuangalia mwaka jana. Kwa muda mrefu tamasha lilikuwa la Julai. Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ilipoingia Julai, tamasha likasogezwa Juni. Mwaka 2024 liliangukia Agosti. Urefu nao umebadilika: zamani zilikuwa kama siku kumi, miaka ya karibuni ni chache zaidi. Ngoja tarehe itangazwe na waandaaji ndipo ulipe chumba, kwa sababu majira hayo ndiyo pia msimu wa watalii, na nyumba nyingi za wageni hazirudishi pesa.

Kutoka Dar, boti za kasi huchukua kama saa mbili. Boti ya mwisho ya kurudi huondoka kabla jua halijazama, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtu anapanga kwenda asubuhi na kurudi jioni, halafu anagundua kwamba filamu za Ngome zinaanza yeye akiwa amekwisha kuondoka. Haiwezekani kuziona filamu za Ngome kwa safari ya siku moja. Uchache wake ni kulala usiku mmoja. Ukitaka kuona tamasha lenyewe, lala siku tatu. Beba kitambulisho, kwa sababu nauli ya Mtanzania na ya mgeni si moja, na mara nyingi kiingilio cha Ngome nacho hutofautiana vivyo hivyo. Kitambulisho kilichobaki hotelini hakikusaidii mlangoni. Wasio Watanzania wakumbuke pia bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024. Inanunuliwa mtandaoni kabla ya safari.

Pa kulala, Shangani na Forodhani ni karibu na Ngome na ni ghali. Malindi na Kiponda ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu na bei hushuka. Ukivuka Darajani ukaingia Ng'ambo, kwa mfano Kikwajuni au Michenzani, unapata gesti ya bei ya mwenyeji, lakini filamu ya pili ikiisha saa tano au sita usiku daladala zimeshalala, kwa hiyo weka pembeni pesa ya bodaboda au teksi. Ukilinganisha na bei za Shangani, jumlisha na nauli hizo za usiku kabla ya kusema umeokoa.

Sasa ratiba. Ipokee kama unavyopokea ahadi ya fundi cherehani. Ngome haina paa, kwa hiyo anayeamua filamu ianze saa ngapi ni jua. Mwishoni mwa Juni jua la Unguja huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, na giza la kutosha projekta hupatikana karibu na saa moja. Filamu iliyoandikwa kuanza saa kumi na mbili na nusu itaanza na picha iliyopauka: nyuso zinaonekana, ila tukio lolote la usiku ndani ya filamu linakuwa ukungu wa kijivu. Projekta haina kosa. Skrini nyeupe haiwezi kuonyesha weusi kuliko mwanga unaoiangukia, na mwanga wa mbingu bado uko pale. Kama muongozaji unayemtaka amepiga filamu yake gizagiza, omba Mungu awe amepangiwa nafasi ya pili.

Saa kumi na mbili na nusu ndiyo pia Magharibi, na kama saa moja na nusu ni adhana ya Isha. Misikiti ya Mji Mkongwe imeizunguka Ngome na vipaza sauti vyake havishindani na mtu. Usishangae sauti ya filamu ikipunguzwa hadi adhana iishe, wala usipige mluzi. Mwenye hesabu nzuri hula kabla ya saa moja, akakaa saa moja na robo, na akatarajia filamu yenyewe saa mbili kasoro. Ratiba ikiandikwa kwa Kiingereza, geuza saa zote mara moja na uziandike kwa kalamu pembeni. Ratiba ya Kiswahili isemayo "saa 2:00" bila kutaja mchana au usiku imewapeleka watu Ngome saa nane mchana wakakuta mafundi wanafunga nyaya.

Usiku wa ufunguzi ni wa hotuba. Kuna mgeni rasmi, kuna wadhamini, kuna ngoma, kuna kushukuru, na filamu inaweza kuchelewa kwa saa nzima au zaidi. Usiku wa kufunga ni wa tuzo, na orodha ya tuzo ni ndefu. Siku hizo mbili Ngome hufurika, na ukitaka kiti fika saa kumi na mbili kamili. Mtu aliyekuja kwa ajili ya filamu zaidi ya sherehe atafaidi siku za katikati: watu wachache, mafundi wameshazoea mitambo, na waongozaji wanapatikana wamekaa tu kwenye ngazi kama wewe.

Mahali pa kukaa ni jambo linalostahili kufikiriwa. Viti vya sehemu ya chini mbele ya jukwaa vinavutia kwa sababu vina mgongo, ila sakafu pale ni tambarare, na maandishi ya tafsiri yako chini kabisa ya picha. Kichwa cha mbele yako kinafuta mstari wa pili wa kila sentensi. Kwa filamu ya Kiajemi au Kifaransa hilo ni janga. Panda kwenye ngazi, safu za kati, katikati ya mzunguko. Pale maandishi unayaona yote, na sauti ya spika za kushoto na za kulia inakufikia kwa pamoja. Ukijibana pembeni karibu na ukuta, utasikia kila neno mara mbili: mara ya kwanza kutoka kwenye spika, mara ya pili likigonga mawe na kurudi. Juu kabisa napo si pazuri upepo ukivuma, kwa maana upepo hupeperusha sauti nyembamba kwanza. Mdundo wa ngoma unaufikia mgongo wako, maneno yanapotelea Forodhani.

Upepo huo huo huicheza skrini. Skrini ya nje hufungwa kwa kamba kupitia matundu ya pembezoni, na kamba zikilegea upande mmoja kitambaa huvimba katikati kama tanga. Hapo utaona picha kali pembeni na yenye ukungu katikati, kwa kuwa projekta imewekwa kwa umbali mmoja na katikati ya skrini imesogea mbele au nyuma. Ikitokea mara moja moja, vumilia. Ikidumu, kuna mtu anapaswa kukaza kamba, na mara nyingi atakayelitambua kwanza ni mtazamaji.

Kuna kosa moja la sauti ambalo kila anayekwenda matamasha ya filamu anapaswa kulijua, maana linarekebishika ndani ya dakika tatu likisemwa mapema na linaharibu filamu nzima likinyamaziwa. Filamu imeanza. Muziki unasikika vizuri, hatua za miguu zinasikika, mlango unafungwa kwa kishindo, lakini wahusika wanafungua midomo na hakitoki kitu, au maneno yanasikika kwa mbali mno kama mtu aliye chumba cha pili. Watazamaji hudhani ndivyo filamu ilivyotengenezwa. Sivyo. Filamu nyingi huchanganywa kwa njia sita za sauti, na maneno karibu yote huwekwa kwenye njia ya katikati. Mitambo ikitoa njia mbili tu, ya kushoto na ya kulia, bila kuichanganya ile ya katikati ndani yake, mazungumzo yanabaki kwenye waya usiokwenda popote. Nyanyuka, tembea taratibu hadi kwenye meza ya sauti, na useme kwa upole: "Fundi, samahani, muziki tunausikia lakini maneno hayatoki." Sentensi hiyo inamtosha. Vivyo hivyo maandishi ya tafsiri yasipotokea katika mazungumzo ya kwanza: faili ya maandishi huwa peke yake, na kuna mtu amesahau kuiwasha. Ukingoja dakika ishirini, hakuna fundi atakayerudisha filamu mwanzo mbele ya watu mia kadhaa.

Maandishi yenyewe huwa ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na watazamaji wengi wa Ngome ni Waswahili. Ndiyo maana daima kuna mtu nyuma yako anayemnong'onezea mama yake kisa kizima. Wageni hukasirika. Wasikasirike. Nchi iliyolelewa na vibanda vya video na kanda zilizotafsiriwa na kina Lufufu haiwezi kuangalia filamu ya Kifarsi kimyakimya, na mara nyingi mnong'ono huo unachekesha kuliko filamu. Ukitaka kimya kamili, nenda kwenye maonyesho ya mchana ndani ya kumbi.

Simu ni habari nyingine. Mwanga wa simu moja kwenye ngazi unaonekana na safu zote za juu yake. Punguza mwanga hadi mwisho, na usipige video ya skrini. Waongozaji wengine hawajauza filamu zao bado, na kipande cha dakika mbili kikizagaa mtandaoni kinawaharibia.

Chakula cha jioni ni Forodhani, hatua chache kutoka lango la Ngome, ng'ambo ya barabara. Majiko huanza kuwashwa jua likielekea kuzama. Uliza bei kabla ya mkono wa muuzaji kugusa sahani: "Ami, mshikaki huu bei gani?" Ukiuliza kwa Kiswahili unapewa bei ya Kiswahili, au angalau mlango wa kupatana. Vyakula vya baharini vilivyopangwa kwa mapambo juu ya meza vimeshachomwa mapema na vitapashwa tu moto, kwa hiyo pweza na kamba chagua ambaye jiko lake lina foleni ya wenyeji. Mshikaki na chapati ni salama, na juisi ya muwa iliyokamuliwa mbele yako na ndimu na tangawizi ni lazima. Urojo usiungojee hapo. Urojo mzuri ni wa mchana, kwenye vibaraza vya uswahilini, na kila mtaa utakuapia kwamba wake ndio wenyewe. Usile sana kabla ya kupanda ngazini: vyoo ni vichache, na foleni yake baina ya filamu mbili ni ndefu kuliko mapumziko yenyewe. Toka wakati majina yanaanza kupanda kwenye skrini, kabla umati haujasimama.

Mchana wa ZIFF wageni wengi huupoteza ufukweni, na ni hasara. Asubuhi na alasiri ndipo zilipo warsha, mijadala na filamu fupi. Maonyesho ya filamu fupi nayapendekeza kuliko yote: kwa saa moja na nusu unaona kazi sita au saba, na ukichoshwa na moja, dakika kumi baadaye imekwisha. Pia ndipo kazi za vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda zinapoonekana kwa wingi. Tatizo la mchana ni kutembea. Kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ni dakika kumi kwa anayejua njia na dakika ishirini na tano kwa asiyejua. Ramani ya simu hupotea kwenye vichochoro, kwani kuta za ghorofa tatu huziba mbingu na kishale kinarukaruka kati ya mitaa miwili. Ukipotea, shika uelekeo mmoja na usiuache. Mji Mkongwe ni rasi: utatokea baharini au utatokea Barabara ya Creek, ambayo sasa ni Benjamin Mkapa, na kutoka kokote huko kila mtu atakuonyesha Ngome. Au uliza wazee waliokaa barazani, ila wape salamu kamili kwanza. Ukirusha tu "Ngome iko wapi?" utajibiwa kwa kidole.

Mazungumzo na waongozaji baada ya filamu za usiku huwa mafupi, kwa sababu filamu inayofuata inasubiri. Ukitaka kuongea na mtu, mfuate kesho yake kwenye mijadala. Taja tukio moja lililokugusa na uulize swali moja juu ya tukio hilo. Kumkabidhi flashi yenye filamu yako bila kuombwa hakujamsaidia mtu yeyote.

Sehemu ya tamasha inayotajwa kidogo mno ni maonyesho ya vijijini, Unguja na Pemba, ambayo ZIFF imekuwa ikiyafanya kwa miaka mingi sambamba na yale ya mjini, pamoja na vipindi vya wanawake na watoto. Skrini inasimamishwa uwanjani, watu wanaleta mikeka. Kama ratiba ya mwaka wako inayo na una usafiri wa kurudi, acha usiku mmoja wa Ngome uende huko. Watoto hukaa mbele kabisa hadi pua zinagusa skrini, na mwendeshaji hulazimika kuisogeza projekta kila baada ya muda kwa sababu vivuli vya vichwa vimeingia kwenye picha.

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa nyaya za chini ya bahari. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 zaidi ya miezi miwili. Waya mkubwa zaidi uliolazwa mwaka 2013 umepunguza balaa hilo, ila kukatika kwa dakika chache kupo. Giza likiingia ghafla Ngome, kaa ulipo. Ngazi hazina vishikio, na wanaoumia ni wale wanaokimbilia lango. Jenereta ikishawaka, projekta haiwaki papo hapo kama balbu: kama taa yake ni ya aina ya zamani ni lazima ipoe kwanza ndipo iwashwe tena, na kompyuta inayocheza filamu nayo inaanza upya. Hesabu dakika kumi hadi kumi na tano. Tochi ndogo mfukoni itakufaa zaidi wakati wa kurudi, kwenye kichochoro chenye maji ya mfereji usiyoyaona.

Kwa mwenye filamu yake kwenye ratiba, neno fupi. Njoo na nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, flashi moja na eksteno moja, hata kama ulishaituma mtandaoni. Nakala moja iwe faili ya kawaida ya MP4 yenye sauti ya njia mbili iliyochanganywa kabisa na maandishi ya tafsiri yaliyochomwa ndani ya picha. Hiyo haiwezi kukumbwa na yale makosa niliyoyaeleza juu. Kama umeleta nakala ya kidijitali ya sinema iliyofungwa kwa ufunguo wa siku maalumu, hakikisha ufunguo unaanza siku moja kabla ya onyesho na kuisha siku mbili baada yake. Ratiba husogezwa, na ufunguo ulioisha saa sita usiku hauna huruma. Omba majaribio ya dakika tano jioni kabla ya onyesho. Angalia mazungumzo ya kwanza, tukio lenye giza kuliko yote, na dakika ya mwisho, kisha uache mafundi wafanye kazi.

Kurudi Dar ndiko kunakowashangaza watu. Wakati wa kusi, boti inayokwenda Unguja inasukumwa kutoka nyuma na safari ni laini. Inayorudi inaukabili upepo na mawimbi uso kwa uso, hasa alasiri, na mifuko ya kutapikia inagawiwa kabla hata hamjaipita Chumbe. Chukua boti ya asubuhi, kaa sitaha ya chini, nyuma, katikati ya safu, mbali na harufu ya choo. Kula mkate mkavu, si urojo. Na ile kanga, usiifungie kwenye begi. Kiyoyozi cha boti ni baridi kuliko Ngome saa tano usiku.